Ziwa la Chumvi Lenye Jina la Asali

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili, akilisikia kwa mara ya kwanza jina la Ziwa Assal lililoko katika jangwa la Jibuti, hana budi kudhani kuwa anasimuliwa habari za asali. Wala hatakuwa amekosea sana, kwani Waarabu huliandika jina hilo kwa herufi zile zile waandikazo asali, ila kilichomo ziwani ni chumvi, tena iliyokolea takriban mara kumi kuliko ile ya baharini, hata tone moja likigusa ulimi mtu huona uchungu kabla hajaonja ladha.

Tuliondoka mjini Jibuti alfajiri, wageni wanne na kiongozi wetu, mzee wa kabila la Waafar ambalo ndilo lenye maskani yake jangwani humo tangu zamani. Safari ni ya kilomita 120 hivi, na hufanywa kwa starehe katika miezi ya baridi, kuanzia Novemba hata Februari, kwani kiangazi joto hupanda kupita digrii 45. Sehemu ya kwanza ya njia haina la kusimulia isipokuwa malori, mengine yakipanda na mengine yakiteremka, yote yakichukua shehena za Uhabeshi, nchi isiyo na pwani ambayo sehemu kubwa ya bidhaa zake hupitia bandari ya Jibuti.

Tulipoiacha barabara hiyo, ardhi ikageuka kuwa mawe meusi matupu, na punde tukasimama juu ya genge, chini yetu bahari imeingia ndani ya nchi ikatulia kimya katikati ya milima. Mahali hapo huitwa Ghoubbet al-Kharab. Mswahili hapo hahitaji mkalimani, maana ghuba ni ghuba, na hiyo kharab ndiyo nasaba ya kuharibu kwetu. Mzee akaielekeza fimbo yake kwanza kwenye maji, kisha kwenye mawe, kisha upande wa ziwa ambalo bado hatukuliona, asiseme neno. Nami nakiri kwamba sikufahamu kitu mpaka alipoketi akaeleza.

Ziwa Assal liko mita 155 chini ya usawa wa bahari, na hakuna mahali pa chini kuliko hapo katika bara zima la Afrika. Maji ya ghuba hupenya katika nyufa za mawe yaliyomwagwa na volkano, yakateremka chini kwa chini mpaka ziwani, na yakisha kufika hayana pa kutokea ila juu, kwa kunyonywa na jua. Ni mfano wa sufuria iliyo motoni, ambayo kila maji yakipungua mtu huongeza mengine ya bahari. Basi na tufikiri ni chumvi kiasi gani itakayobaki ndani baada ya maelfu ya miaka. Nyufa zenyewe zingali zikipanuka. Novemba 1978 ardhi ilipasuka hapo, ikazaliwa volkano ndogo iitwayo Ardoukoba, na majivu yake meusi tuliyakanyaga. Ufa huo ni ndugu wa Bonde la Ufa lishukalo Kenya na Tanzania, na kwa hiyo maziwa yetu ya Magadi na Natron, ijapokuwa yana magadi badala ya chumvi ya kulia, ni ya ukoo mmoja na hili.

Ufuoni ni weupe unaoumiza macho. Mzee alitukataza kuvua viatu, kwani chumvi ile ina makali ya vigae. Akainama, akaokota punje za mviringo kama shanga, zilizosuguliwa na mawimbi hata zikalainika, akaniwekea kiganjani. Nikaingia majini, na maji yakakataa kunizamisha, nikaelea kama kifuu cha nazi. Lakini kisigino changu kilikuwa na mchubuko mdogo niliokuwa nimeusahau, na chumvi ikanikumbusha mara moja. Mzee alicheka, akalileta dumu la maji baridi akanimiminia miguuni kidogo kidogo, kwa uangalifu wa mtu ajuaye thamani ya maji.

Kando walikuwako vijana wakiuza mafuvu ya mbuzi yaliyogandamana chumvi, biashara ambayo, kwa kweli, sikuipenda. Nilipendezwa zaidi na habari za misafara: jinsi Waafar walivyokuwa wakijaza magunia, wakayafunga juu ya ngamia, wakaenda siku nyingi mpaka nyanda za juu za Uhabeshi kubadilisha chumvi kwa nafaka. Siku hizi chumvi hiyo ina bandari yake pale ghubani, iliyofunguliwa mwaka 2017.

Adhuhuri haijafika, mzee akasimama, akakunja mkeka, akasema inatosha. Tulipofika tena gengeni nilijaribu kukunja mguu, nikaona suruali yangu imekauka kwa chumvi, ngumu kama ubao.