Vumi lililozama ndani ya kanda

Mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani hadi Buruburu na Umoja, ina vyumba vingi vidogo viitwavyo studio. Ukuta umebandikwa sponji, feni imezimwa isije ikanaswa, na kijana ameketi mbele ya kompyuta akitengeneza nyimbo za vijana wenziwe. Lakini siku niliyoingia katika chumba kimojawapo, kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya wazee: kanda ya chakacha ya arusi moja ya Majengo, iliyonaswa zamani kwa redio-kaseti moja tu.

Msomaji wa Mombasa au Lamu asistaajabu kusikia chakacha huko bara. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Waislamu wa asili ya pwani walikuwamo tangu hapo. Arusi, maulidi na ngoma zao walikwenda nazo.

Aliyeleta kanda ni mama wa makamo. Marehemu baba yake ndiye aliyepiga vumi siku ile.

"Chapuo nalisikia, mwanangu," alimwambia fundi, "kina mama wakiimba nawasikia. Baba simsikii."

Shida yenyewe ni hii. Katika studio kamili kila ngoma huwekewa kinasa sauti chake, na fundi baadaye huipandisha hii na kuishusha ile apendavyo. Kanda ya arusi haina hayo. Msondo, vumi, chapuo, makofi na vigelegele vyote vimeingia kwa mlango mmoja, na tui likishaingia walini halikamuliwi tena.

Fundi alianza kwa njia ya kale, ya kupandisha sauti nzito peke yake. Uzito wa ngoma kubwa hukaa chini, kwenye mitetemo mia hivi kwa sekunde au pungufu, ilhali kofi la chapuo hupanda hadi maelfu. Alipopandisha huko chini, kilichojitokeza kwanza ni mvumo wa umeme, ambao Kenya huenda mitetemo 50 kwa sekunde, pengine umeingia wakati kanda ilipokuwa ikinakiliwa. Akaukata mvumo, na vumi nalo likapungua.

Ndipo akajaribu programu za kutenganisha sauti. Kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa moja iitwayo Spleeter mwaka 2019, mtu yeyote aitumie bure. Wimbo huingia mzima, ukatoka katika mafungu: waimbaji, ngoma, gita la besi, na mengineyo. Sanaa kama hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 2022 kuchanganya upya sahani ya Beatles ya 1966, Revolver, ambayo baadhi ya nyimbo zake zilinaswa ngoma na magita pamoja.

Lakini mitambo hii hujua ilichofunzwa. Mkusanyo mmoja unaotumiwa sana kuifunza na kuipima una nyimbo 150 tu, nyingi za Kizungu, na ngoma zake ni zile za kukanyagwa kwa mguu pamoja na matoazi. Nani aliifunza chakacha? Makofi ya kina mama yalitupwa katika fungu la ngoma. Vumi lenyewe likatupwa katika fungu la besi.

Kijana akacheka. Arusi ile haikuwa na gita la besi hata moja, kwa hiyo kosa la mtambo lilimpa vumi karibu peke yake! Alilipandisha kidogo kidogo, kwani kila alipozidisha, ngoma ilisikika kama iliyofunikwa blanketi: uzito upo, lakini mguso wa mkono umebaki katika fungu jingine pamoja na chapuo.

"Mama, naweza kupachika vumi jipya juu ya hili, lipige pale pale," alisema. Mafundi wengi hufanya hivyo, na wasikilizaji hawatambui.

"Huyo hatakuwa baba," alijibu.

Basi akaliacha, akashusha chapuo nusu ya alivyotaka, akarudisha vigelegele. Mimi tofauti niliisikia mara ya tatu tu. Yule mama aliinua kidole kabla beti la pili halijaisha, akasema, "Hapo."