KIBARUA UKIFANYWA MSIMAMIZI

Mavuno yakiisha, watu wengi vijijini hutafuta kibarua. Wengine huenda kukata mkonge. Wengine huchuma chai. Wengine huchimba mitaro, barabara inapotengenezwa karibu na kijiji chao. Kazi hizi ni za muda. Ni wiki chache au miezi michache, halafu basi.

Tuseme wewe ni mmoja wa watu 20 wanaochimba mtaro. Umeingia kazini wiki iliyopita tu. Asubuhi fomani anakuita. Anakupa daftari na kalamu, anasema: "Kuanzia leo wewe ndiye msimamizi wa kundi hili." Hukuomba. Hukutegemea. Utafanya nini?

Kwa nini wewe? Pengine msimamizi wa kwanza ameugua au ameacha kazi. Fomani anataka mtu leo hii. Anatazama nani anawahi, nani hana ugomvi, na nani anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapo ndipo kisomo kinapokutafutia cheo.

Uliza kwanza

Furaha isikuzibe mdomo. Kabla ya kupokea daftari, muulize fomani maswali haya:

1. Je, malipo yangu yataongezeka? Kwa kiasi gani, na kuanzia siku gani?
2. Nitaendelea kuchimba, au nitasimamia tu?
3. Nikimwona mtu mlevi kazini, naweza kumrudisha nyumbani, au nikuite wewe?
4. Sururu au toroli likipotea, nani atalipa?
5. Msimamizi wa kwanza akirudi, mimi nitakuwa nani?

Kuuliza si utovu wa adabu. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mtu anayemfanyia mwajiri kazi siku sita au zaidi katika mwezi anastahili kupewa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Maelezo hayo hutaja kazi yenyewe, saa za kazi na malipo. Mambo hayo yakibadilika, mwajiri anatakiwa kuzungumza na mfanyakazi, kurekebisha maelezo, na kumjulisha kwa maandishi. Usipoyaelewa, mwajiri ahakikishe unaelezwa mpaka uelewe. Basi omba karatasi. Neno la mdomo husahaulika siku ya malipo.

Usiwe mnyapara wa kiboko

Wazee wanalijua neno mnyapara. Zamani, katika karne ya 19, wanyampara walikuwa viongozi wa wapagazi wa Unyamwezi. Walitembea na wenzao safari ndefu mpaka pwani. Baadaye, katika mashamba ya wakoloni, mnyapara akawa mtu wa kufoka na kushika kiboko. Jina likaharibika.

Wewe jana ulikuwa unachimba na wenzako. Leo usianze kuwaita "nyie watu". Aliye mkubwa kwako mwite mzee au mama, kama ulivyomwita jana. Mwenye kosa mwite pembeni, usimfokee mbele ya wengine. Na kipimo kiwe kimoja. Kama kila mtu anachimba mita 5 kwa siku, pima kwa kamba moja, ndugu yako na asiye ndugu yako. Aliyepata penye mawe, mweleze fomani mapema apunguziwe kipimo. Usingoje mpaka jioni.

Saa nazo zina sheria. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa mfano, anayepata shilingi 9,000 kwa saa 9 anapata shilingi 1,000 kwa saa. Saa moja ya ziada ni shilingi 1,500. Ziandike. Na mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Hata mzazi wake akikuomba, usimwandike.

Daftari ndilo jambo lenyewe

Daftari la mahudhurio ni fedha za watu. Ukisahau jina la mtu siku moja, umemnyima unga wa watoto wake.

Siku ya kwanza atakuja shemeji: "Shemeji, kesho nina safari. Niandikie tu kama nipo." Mjibu kwa upole: "Shemeji, nitakuombea ruhusa kwa fomani. Lakini sitaandika upo na wewe hupo."

Kubwa zaidi ni hili. Pengine mkubwa wako atakunong'oneza: "Ongeza majina mawili, tutagawana." Hayo ndiyo majina hewa. Piga hesabu: watu 2, shilingi 10,000 kwa siku, siku 24. Ni shilingi 480,000 zilizoibwa. Wakaguzi wakija watauliza: huu mwandiko ni wa nani? Aliyenong'ona hana mwandiko humo. Wewe unao.

Kinga yako ni kuandika mambo waziwazi. Andika majina asubuhi, watu wakiwa wamesimama mbele yako. Jioni wasomee kwa sauti: fulani mita 5, fulani mita 4. Mwenye shaka aseme hapo hapo. Usiandike kwa penseli. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika upya, utie sahihi. Mtu akiumia, andika siku, saa na namna alivyoumia, kisha mwarifu fomani mara moja. Maandishi hayo yatamsaidia anapodai fidia.

Ukiona malipo yanakatwa bila sababu, usibishane peke yako. Nenda kwa afisa kazi, na hesabu zako mkononi.

Kazi itaisha

Ndugu msomaji, mtaro utakwisha. Fomani atapanda lori na vifaa vyake, ataondoka. Cheo chako nacho kitaondoka siku hiyo. Wewe utabaki kijijini na wale wale 19. Mtakutana kisimani, mtakutana msibani, mtaomba jembe kwa jirani. Kazi ni ya wiki sita, ujirani ni wa maisha.

Kwa hiyo ukipewa cheo usikiogope, kipokee. Lakini shika daftari ili kazi ikiisha uweze kupita mbele ya mlango wa kila mtu bila kuinamisha kichwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini majina yasomwe kwa sauti kila jioni?
2. Kibarua anapata shilingi 9,000 kwa saa 9. Amefanya saa 2 za ziada. Alipwe jumla shilingi ngapi siku hiyo?
3. Mkubwa wako akikuambia uongeze majina hewa, utamjibu nini?