Ndege Waliomfungua Macho Darwin

Msomaji, ukitajiwa Charles Darwin na visiwa vya Galápagos huko Ecuador, huenda ukakumbuka wale ndege wadogo wa midomo tofauti uliosomeshwa shuleni. Kumbe hao aliwachanganya, asiandike vyema kila mmoja ametoka kisiwa kipi! Waliomshangaza kwanza ni ndege waigaji.

Septemba 1835 alimpata mmoja kisiwani San Cristóbal, mwenye mkia mrefu na weusi karibu na sikio. Siku chache baadaye, kisiwani Floreana, akakutana na mwenziwe. Ungedhani ni ndugu wa tumbo moja, ila huyu ni mkubwa zaidi, macho yake ni ya kahawia iliyoiva na ana mabaka meusi ubavuni mwa kifua. (Jina lisikudanganye. Wanaoiga sauti za wengine ni jamaa zao wa Marekani; hawa huimba zao wenyewe.)

Yule wa San Cristóbal angali kwao. Wa Floreana hakubahatika. Wageni walileta panya na paka, mbuzi nao wakamaliza mimea, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa ametoweka Floreana. Waliosalia, mamia machache tu, walijistiri katika visiwa viwili vya jirani, Gardner na Champion. Champion haufiki hata hekta 10.

Yule wa Darwin, pamoja na mwingine aliyechukuliwa na nahodha wake FitzRoy, wamehifadhiwa Uingereza. Wataalamu wamekwisha kuzichunguza chembe zao za urithi na kuzilinganisha na za wajukuu hao wa visiwani.