Nywele za Bulma

Miaka haimkuzi mhusika wa manga. Anakua mchoraji wake akiamua. Katika Sazae-san, katuni ya gazetini ya Machiko Hasegawa iliyoanza mwaka 1946, Sazae aliolewa na kupata mtoto mapema, kisha umri wa nyumba nzima ukaganda hadi katuni ilipokoma mwaka 1974. Slam Dunk ya Takehiko Inoue ilichapishwa kwa miaka sita, ilhali ndani yake inapita miezi michache tu: msomaji anamaliza shule, mhusika mkuu Sakuragi bado mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Akira Toriyama alikwenda njia nyingine. Alipoanza Dragon Ball mwaka 1984, katika jarida la Weekly Shonen Jump, Goku alikuwa kitoto chenye mkia, kichwa kikubwa na vijikono vifupi. Kwa vichekesho, umbo hilo lilitosha kabisa. Hadithi ilipoelemea kwenye mapigano likawa kikwazo, maana ngumi ya mkono mfupi haina pa kunyookea. Toriyama akaruka miaka mitatu na kumrudisha Goku ulingoni akiwa kijana mrefu. Katika jarida la kila wiki, ambako sura ya shujaa ndiyo inayouza, huo haukuwa uamuzi mdogo. Baadaye Goku anatokea na mwana wa miaka minne.

Mwana huyo, Gohan, ndiye aliyekuzwa vizuri kuliko wote. Tunamwona kwanza akilia kwa woga. Miaka inakwenda, mabega yanapanuka, na katika pambano dhidi ya adui Cell baba anampisha. Kisha anaingia sekondari. Toriyama alikusudia kumwachia hadithi, akaona hafai, akamrudisha Goku. (Wapo wasomaji ambao hawajamsamehe hadi leo, nami siko mbali nao.)

Ila anayebeba miaka kwelikweli ni Bulma. Anaingia akiwa msichana wa miaka 16, na karibu kila mkondo mpya wa hadithi humkuta na mtindo mpya wa nywele. Mwenye kuzifuatilia anajua amefika wapi hata bila kutazama namba ya juzuu. Mwishoni Bulma ni mama wa makamo, na Goku ni yuleyule. Vegeta anaeleza kuwa Wasaiya, jamii yake na ya Goku, hubaki vijana muda mrefu ili wapate kupigana. Maelezo hayo yanamfaa sana mchoraji ambaye shujaa wake tayari ni babu.