Likizo Kubwa na Sikio la Mwanamuziki

Kijana wa Luhwindja, Kivu Kusini, anayejifundisha gita nyumbani ana raha moja inayomponza: akikosea, anasimama, anarudi nyuma, kisha anaendelea. Mwendo ni wake. Mkalishe na wenzake kumi na tano, kutwa kucha kwa wiki mbili, aone kama wimbo utamngoja. Atalazimika kuhesabu mdundo kimoyomoyo, kupunguza sauti ya gita lake ili asikie teno na besi, na kujua pa kuingia bila kuoneshwa.

Ndiyo kazi kubwa ya kambi ya muziki, kulea sikio. Nyimbo mpya hata kwaya ya Jumapili ingempa. Mazoezi ya mara moja kwa wiki humpa mkono siku sita za kusahau. Kambini anapiga jioni, analala, asubuhi anarudia. Na usingizi nao unafundisha, maana ubongo hukaza usiku yale ambayo vidole vilihangaika nayo mchana. Pembeni yake yuko mwenzake anayemzidi kidogo tu. Huyo humsukuma kuliko bingwa yeyote wa redioni.

Joseph Maddy alianzisha kambi ya Interlochen, Michigan, mwaka 1928, na leo inajulikana duniani. Mimi navutiwa zaidi na Kinshasa. Huko orkestra ya Kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na violini chache za kupokezana. Aliyengoja zamu alisikiliza, na kusikiliza huko kulikuwa nusu ya somo.

Bashi, watu wa huko Luhwindja, nao wana mulizi, filimbi ya wachungaji ambayo Alan Merriam aliiandikia makala mwaka 1957, na lulanga, zeze la ubao uliochimbwa. Vyombo hivi havitaki jengo wala umeme. Vinataka mzee anayevijua na vijana wenye muda.

Muda upo: Julai na Agosti shule zimefungwa. Likizo hiyohiyo ndiyo inayowavuta baadhi ya watoto kwenye machimbo ya dhahabu.

Kambi ina udhaifu wake. Kijana akirudi nyumbani asikokuwa na chombo, ustadi unafifia upesi. Kwa hiyo parokia au shule itakayowakusanya vijana hawa iwatafutie kwanza magita mawili matatu ya kuazimana mwaka mzima, ndipo ipange tarehe.