Zahanati juu ya Magurudumu: Kazi ya Alpha Kappa Alpha huko Mississippi

Alpha Kappa Alpha, chama cha kwanza cha udugu wa wanawake weusi wasomi nchini Marekani, kilizaliwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard. Uanachama wake haukomi mtu apatapo shahada. Ndiyo maana kiliweza kutuma walimu, wauguzi na madaktari, si wanafunzi tu.

Mwaka 1934 mwalimu Ida Jackson, mzaliwa wa Vicksburg, alifungua huko Mississippi masomo ya kiangazi kwa walimu wa vijijini. Upesi ikadhihirika kwamba maradhi yalitangulia ujinga. Mwaka uliofuata daktari Dorothy Ferebee aliongoza kundi la kujitolea hadi wilaya ya Holmes, kuchanja watoto wa wakulima wa pamba dhidi ya ndui na dondakoo. Wenye mashamba, wakishuku uchochezi, waliwazuia wakulima wao kwenda kliniki. Basi wanawake wale, pasipo kubishana, waligeuza magari yao wenyewe kuwa zahanati, wakaifuata pamba ilikolimwa, huku wasimamizi wakiwasikiliza kwa karibu. Walirudi kila kiangazi hadi 1942, petroli na matairi vilipogawiwa kwa kipimo kwa ajili ya vita.