Misingi ya Uteuzi wa Kichakataji cha Kompyuta ya Kurekodia Sauti Nyumbani

Ikisiri

Makala hii inafafanua misingi ya kuteua kichakataji cha kompyuta itakayotumika kurekodia sauti nyumbani. Hoja yake kuu ni kwamba kazi ya sauti ya papo kwa papo haipimwi kwa jumla ya kazi ambayo kichakataji kinaweza kuifanya kwa saa nzima, bali kwa uwezo wake wa kumaliza kila fungu dogo la sauti kabla ya makataa yake. Kwa msingi huo, makala inaonesha kwa nini kasi ya kiini kimoja hutangulia idadi ya viini, kwa nini jina la familia ya kichakataji ni kigezo dhaifu, na katika hali zipi anayerekodi hahitaji kichakataji chenye nguvu kubwa.

1.0 Utangulizi

Kwa miongo mingi, kurekodi sauti kwa kiwango cha kutangazwa redioni au kuuzwa katika kaseti kulihitaji studio yenye mashine za utepe, mafundi na chumba maalumu. Leo kazi hiyo hufanyika katika chumba cha kulala kwa kompyuta moja, kipaza sauti na kiolesura cha sauti, yaani kifaa cha nje kinachounganisha kipaza sauti na kompyuta. Wanaofanya hivyo si watayarishaji wa Bongo Fleva peke yao. Wamo pia wanakwaya, wasomaji wa vitabu vya sauti na watafiti wa fasihi simulizi wanaohifadhi tenzi, nyimbo na masimulizi ya wazee.

Wengi wao hununua kompyuta mara moja tu katika miaka mingi, na mara nyingi iliyokwisha kutumika. Dukani huelezwa kwa maneno machache: ni "i5" au ni "i7", ina viini vinne au vinane. Uamuzi usio na msingi huleta hasara ya namna mbili. Ya kwanza ni ya fedha ambazo zingenunua kipaza sauti bora au kutuliza mwangwi wa chumba. Ya pili haifidiki: fasili ya mzee, au sauti ya mwimbaji iliyofikia kilele chake mara moja, ikiingiwa na mikwaruzo, huenda isipatikane tena.

2.0 Sauti, Bafa na Makataa

Kipaza sauti hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa mawimbi ya umeme. Kiolesura huyapima mawimbi hayo mara nyingi kwa sekunde na kuyageuza kuwa tarakimu. Kila kipimo huitwa sampuli. Diski za CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, ilhali kazi zinazoambatana na video hutumia kwa kawaida 48,000. Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja, bali huzikusanya katika mafungu. Hifadhi ya muda inayoshika fungu moja huitwa bafa, na ukubwa wake huchaguliwa na mtumiaji. Viwango vya kawaida ni sampuli 64, 128, 256, 512 na 1,024.

Ukubwa wa bafa ndio unaoweka makataa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huchukua milisekunde 2.67. Katika muda huo kichakataji hakina budi kumaliza hesabu zote za fungu linalofuata: kusawazisha masafa, kubana sauti, kuongeza mwangwi, kuzalisha sauti za ala za kidijiti na kuchanganya mikondo yote. Kikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya milisekunde, kiolesura hukosa cha kucheza, na msikilizaji husikia mkwaruzo. Hali hiyo ikitokea wakati wa kurekodi, pengo linaweza kuingia hata katika faili linalorekodiwa. Hapa ndipo kazi ya sauti inapotofautiana na kazi kama kugeuza video. Video ikichelewa kwa dakika mbili, mtumiaji husubiri tu na matokeo hubaki yaleyale, lakini sauti iliyokosa makataa yake imekwisha kuharibika.

Tiba inayoonekana rahisi ni kuongeza ukubwa wa bafa. Tiba hiyo ina gharama yake. Sauti ya mwimbaji hupita katika bafa ya kuingilia na ya kutokea kabla ya kumrudia katika hedifoni. Kwa bafa ya sampuli 1,024, safari hiyo huchukua takribani milisekunde 43, mbali na muda ambao kiolesura chenyewe hutumia. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa takribani mita 340 kwa sekunde, ni sawa na mwimbaji kujisikia kupitia spika iliyo zaidi ya mita 14 kutoka kwake. Kwa bafa ya sampuli 128, umbali huo hupungua hadi chini ya mita 2. Mpiga ngoma au gitaa hawezi kushika mapigo vizuri katika hali ya kwanza, ilhali katika ya pili hutambua tofauti kwa shida. Bafa ndogo humfaa msanii na humbana kichakataji. Uteuzi wa kichakataji kimsingi ni utatuzi wa mgongano huo.

3.0 Kurekodi na Kuchakata ni Kazi Mbili

Ni muhimu kutenganisha kazi mbili ambazo huchanganywa. Kuandika sauti katika diski ni kazi nyepesi. Mkondo mmoja wa biti 24 kwa sampuli 48,000 huzalisha baiti 144,000 kwa sekunde, na mikondo 16 kwa pamoja haifiki megabaiti 2.5 kwa sekunde. Diski yoyote ya kisasa humudu kiasi hicho, na kichakataji hakilemewi. Kinachokilemea ni programu-jalizi na ala za kidijiti zinazofanya hesabu papo kwa papo.

Aidha, violesura vingi vina uwezo wa kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja, bila kuipitisha katika kompyuta. Uwezo huo ukitumika, ucheleweshaji wa bafa haumhusu tena, naye anaweza kurekodi kwa bafa ya 512 au 1,024 bila kujali umri wa kompyuta. Kasoro yake ni kwamba husikia sauti kavu, isiyo na mwangwi wala marekebisho mengine ya programu. Kwa anayerekodi masimulizi au utenzi hilo si tatizo, lakini kwa mpiga gitaa anayetegemea sauti ya kikuza sauti cha kidijiti, au mpiga kinanda anayecheza ala iliyo ndani ya kompyuta, njia hiyo haifai. Hao ndio wanaohitaji kichakataji chenye kasi.

4.0 Kiini Kimoja Chepesi Dhidi ya Viini Vingi

Vichakataji vya leo vina viini kadhaa vinavyofanya kazi sambamba. Programu za kurekodia kama Cubase, Reaper na FL Studio huweza kugawa mikondo tofauti kwa viini tofauti. Hata hivyo, mgawanyo huo una mpaka. Programu-jalizi zilizopangwa katika mkondo mmoja hutegemeana: mwangwi hauwezi kukokotolewa kabla ya kubana sauti kukamilika, ikiwa ndio unaofuata. Mnyororo huo kwa kawaida hubaki katika kiini kimoja. Vilevile, mkondo mkuu, ambamo sauti zote hukutana, husubiri mikondo mingine yote imalize. Mpaka huu ni sura mojawapo ya kanuni iliyotolewa na Gene Amdahl mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua kikomo cha faida ya kuongeza wafanyakazi.

Mfano wa kukokotoa unaweza kulifafanua jambo hili. Tuchukulie kuwa mikondo yote kwa jumla inahitaji milisekunde 8 za kazi inayogawanyika, na mkondo mkuu unahitaji milisekunde 2 zisizogawanyika. Makataa ni milisekunde 2.67. Kichakataji chenye viini 8 kitatumia milisekunde 1 kwa mikondo na 2 kwa mkondo mkuu, jumla 3, na sauti itakwaruza. Viini vikiongezwa hadi 16, jumla itakuwa 2.5, na kazi itapita kwa shida. Kichakataji kingine chenye viini 6 tu, lakini kila kimoja kikiwa na kasi mara moja na nusu, kitamaliza kwa takribani milisekunde 2.2. Viini vichache vyepesi vimevishinda viini vingi vizito. Hata vile vizito vikifika 100, jumla haiwezi kushuka chini ya 2.

Hali hiyo hueleza pia jambo linalowashangaza watumiaji wengi: sauti hukwaruza ilhali mfumo endeshi unaonesha kuwa kichakataji kinatumika kwa sehemu ndogo tu. Kipimo hicho ni wastani wa viini vyote. Katika kichakataji cha viini 8, kiini kimoja kikijaa kabisa na vingine vikipumzika, wastani ni asilimia 12.5. Kipimo cha kuangaliwa ni kile kilicho ndani ya programu ya kurekodia, kinachoonesha ni sehemu gani ya makataa imetumika.

5.0 Jina, Kizazi na Gigahezi

Kigezo kinachotumiwa zaidi sokoni ni jina la familia. Kigezo hicho hupotosha. Intel Core i7-3770 ya mwaka 2012 ina viini 4, nyuzi 8 na kasi ya juu ya gigahezi 3.9. Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina viini 4, nyuzi 8 na kasi ya juu ya gigahezi 4.3. Anayetazama majina ataichagua i7, na anayetazama gigahezi ataona tofauti ndogo. Ukweli ni kwamba kiini cha kizazi kipya hukamilisha kazi nyingi zaidi katika kila pigo moja la saa ya kichakataji, hivyo i3 hiyo huishinda i7 ile kwa mbali. Katika kompyuta mpakato hali ni mbaya zaidi: Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini 2 tu.

Kizazi kina uzito pia kwa sababu ya programu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi vichakataji vingi vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8. Kompyuta ya zamani inaweza kuendelea kurekodi, lakini mmiliki wake atazidi kukosa matoleo mapya ya programu.

Idadi ya viini nayo isisomwe bila uangalifu. Tangu Apple ilipotoa M1 mwaka 2020 na Intel kizazi cha 12 mwishoni mwa mwaka 2021, vichakataji vingi huchanganya viini vya nguvu na viini vya kubana matumizi ya umeme. Apple M1 ina vinne vya kila aina, na Core i5-12600K ina 6 vya nguvu na 4 vya kubana umeme. Kwa sauti ya papo kwa papo, viini vya kuhesabiwa kwanza ni vile vya nguvu, kwa kuwa mnyororo mzito ukiangukia kiini dhaifu unaweza kukosa makataa.

6.0 Joto, Kelele na Umeme

Kasi iliyoandikwa katika kasha ni kasi ya juu kabisa, si ya kudumu. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi. Katika chumba kisicho na kiyoyozi katika mwambao wa Afrika Mashariki, kompyuta mpakato nyembamba inaweza kuanza vizuri na kukwaruza baada ya nusu saa. Aidha, feni inayopambana na joto hilo husikika katika kipaza sauti kilicho katika chumba hichohicho. Kichakataji chenye matumizi ya wastani ya umeme na kipoozi kikubwa kinachozunguka polepole kinaweza kuwa bora kuliko chenye nguvu zaidi kinachounguruma.

Kompyuta mpakato ina faida ya betri umeme unapokatika. Hata hivyo, nyingi hupunguza kasi zinapotegemea betri, hivyo majaribio yafanyike katika hali zote mbili.

7.0 Utaratibu wa Uteuzi

Kutokana na maelezo hayo, uteuzi uanze na kazi, si na kichakataji. Anayerekodi sauti ya mtu mmoja au wawili, kwa kusikilizwa moja kwa moja kupitia kiolesura, anatoshelezwa na kichakataji cha viini 4 cha Intel kizazi cha 8 au kinacholingana nacho. Fedha zinazobaki ziende katika kipaza sauti na chumba. Anayecheza ala za kidijiti au kuimba kupitia programu-jalizi, na kuchanganya mikondo kadhaa, anahitaji viini 6 vyenye kasi: Core i5-12400, Ryzen 5 5600X na vya kiwango hicho vinafaa. Anayetumia maktaba kubwa za sauti za okestra anahitaji viini 8 au zaidi pamoja na kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 32, kwani maktaba hizo hulemea kumbukumbu kama zinavyolemea kichakataji.

Kabla ya kulipia kompyuta iliyotumika, mnunuzi aweke bafa ya 128, aongeze programu-jalizi moja baada ya nyingine katika mkondo mmoja hadi sauti ikwaruze, kisha aache mradi mzito ucheze kwa nusu saa. Ikikwaruza mapema bila mzigo mkubwa, chanzo huenda si kichakataji bali kiendeshi kibovu, kwa mfano cha mtandao usiotumia waya, kukizima huthibitisha.

Hatimaye, ipo mbinu isiyogharimu chochote: kurekodi kwa bafa ndogo huku programu-jalizi nzito zikiwa zimezimwa, kisha kuchanganya kwa bafa kubwa, wakati ambapo hakuna mwimbaji anayesubiri kujisikia. Mikondo iliyokamilika huweza kugeuzwa kuwa faili la sauti la kawaida ili isihesabiwe upya kila mara.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa kichakataji kinachofaa kurekodia sauti ni kile kinachomaliza kila fungu kwa wakati, na si lazima kiwe chenye viini vingi wala jina kubwa. Kasi ya kiini kimoja, kizazi, idadi ya viini vya nguvu na uwezo wa kustahimili joto ni vigezo vinavyopaswa kuzingatiwa kwa mpangilio huo. Kwa mtafiti anayekwenda kurekodi fasihi simulizi, matokeo ya uchambuzi huu yanatia moyo: kazi yake ni nyepesi kwa kompyuta, na kompyuta ya wastani iliyojaribiwa vizuri huihifadhi sauti ya fanani salama kuliko ya gharama kubwa ambayo haijajaribiwa.